Dhahabu Haienei Visanduku Sita

Kuna hoja iliyochapishwa kwamba mafumbo ya maneno yanawapotezea wanafunzi muda: Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo imla inatosha. Kinavyotamkwa na nani?

Imla hupitia mdomoni mwa mwalimu. Akisema "zahabu", darasa zima litaandika zahabu, na huenda yeye mwenyewe akatia alama ya vema. Fumbo la mraba halina mdomo. Kidokezo kinasema "madini ya thamani", visanduku 7. Aliyeandika zahabu anabakiwa na kisanduku kitupu, naye anaanza kukuna kichwa. Kisanduku cha 2 kinapitiwa na neno la kushuka, "si bei nafuu", visanduku 5. Mwenye mazoea ya kuandika "gali" anakwama tena, mpaka H iyakutanishe ghali na dhahabu. Kalamu nyekundu haijaguswa.

Kweli, zoezi la kusaka maneno yaliyofichwa kwenye rundo la herufi ni la macho tu; neno limeshaandikwa pembeni, mtoto analizungushia duara. Hilo na lipigwe vita.

Ila fumbo la aina ile aliyoichapisha Arthur Wynne katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913 ni jambo jingine, kwa sababu herufi moja inatumikia maneno mawili. Kura na kula yana herufi 4 kila moja, hivyo kuhesabu visanduku hakusaidii. Anayechanganya R na L ataumbuliwa na neno linalokatiza hapo, mradi mwalimu alichague kwa makusudi. Kuchora fumbo la namna hiyo, ubao na chaki vinatosha.