Je, Mtu Huokoka Peke Yake?

Kuna neno tunalolisikia mara nyingi barazani, hata kwa watu watokao Misani: "Mimi ninaiokoa roho yangu; wengine na watazame zao." Asemaye hivyo si lazima awe mtu mbaya. Pengine huungama, hufunga Kwaresima, hakosi Dominika. Wala neno lake si uongo mtupu. Nabii Ezekieli aliwakataza Waisraeli kusingizia kwamba wanaadhibiwa kwa makosa ya baba zao: kila mtu atajibu kwa dhambi yake mwenyewe. Nasi tulifundishwa katika Katekisimu kwamba saa ya kufa kila roho huhukumiwa peke yake, wala haiwezi kumtuma mwingine akajibu mahali pake.

Lakini Katekisimu hiyohiyo inataja hukumu ya pili, ile ya mwisho, mataifa yote yakiwa yamekusanyika. Wanafunzi, fungueni Mathayo, sura ya 25, mwone maswali yanayoulizwa siku hiyo. Mfalme haulizi ni novena ngapi zilizosaliwa. Anauliza habari za njaa, za kiu, za uchi, za ugonjwa na za kifungo. Tena njaa ya mwingine, si ya yule anayeulizwa. Basi tutajibu mmoja mmoja, naam, lakini swali lenyewe ni juu ya jirani.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kwenye barabara iendayo Rutshuru kutoka Goma, karibu kilomita 50, kuna Rumangabo. Hapo ndipo palipojengwa makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Tena ipo kambi ya jeshi, ambayo waasi waliiteka mwaka 2008, na 2012, na tena 2022. Watu wa huko wamejua kukimbia. Mama aliyekwisha kufunga godoro mara tatu na kulibeba kichwani, mtoto mgongoni, hatumshangai akijifunza kuwahesabu kwanza walio wake.

Tarehe 24 Aprili 2020, siku 12 baada ya Pasaka, askari wa hifadhi walikuwa wakirudi makaoni kwao Rumangabo. Njiani wakakuta gari la raia linashambuliwa na watu wenye silaha. Shambulio lile halikuwalenga wao. Hata hivyo waliwakinga wale raia, wakapigwa wao kwa ukali mno. Walikufa askari 12, dereva mmoja na raia 4. Gazeti hili haliulizi kila mmoja wao alisali katika kanisa gani. Tunatazama tu kwamba watu waliokuwa karibu kufika nyumbani hawakusema, "Wale si wetu."

Ndivyo walivyokuwa wazee wetu katika imani. Abrahamu hakukaa Sodoma, na hema lake lilikuwa salama. Lakini alisimama mbele ya Mungu akiuombea mji wa wengine, akishuka kutoka wenye haki 50 mpaka 10. Musa aliomba afutwe katika kitabu cha Mungu kama watu wake hawasamehewi. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba Mungu hakupenda kuwaokoa wanadamu kama vipande vilivyotawanyika, bali kuwafanya taifa moja.

Hapa lazima tuseme wazi, maana katika Kivu neno "taifa" lina makali. Mtu akisikia kwamba Mungu huita taifa zima, upesi hufikiri: taifa langu, lugha yangu, kilima changu. Kosa hilo ni baya kuliko lile la kwanza. Anayejifikiria peke yake huacha kumsaidia jirani. Anayelifanya kabila lake kuwa taifa teule aweza kumwua jirani na kumshukuru Mungu jioni. Mwezi wa Aprili 1994 Maaskofu walikuwa wamekutana Roma kwa Sinodi ya Afrika, ambayo ililiita Kanisa Familia ya Mungu. Siku zilezile, huko Rwanda, wabatizwa walikuwa wakiwaua wabatizwa wenzao. Mwezi wa Julai wakimbizi walijaa Kibumba na Katale, huku na huku ya Rumangabo; na kati yao walikuwamo wauaji pamoja na wasio na hatia, wengi wao wakiijua Baba Yetu kwa moyo. Abrahamu hakuitwa ili kabila lake lishibe. Aliitwa ili kwa yeye mataifa yote yabarikiwe.

Naye Mwenye heri Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981, alilielewa jambo hili kazini. Alikuwa katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa mpakani. Waliotaka kupitisha chakula kilichooza walimpa rushwa, akaikataa. Mwezi wa Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa, naye ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye heri huko Roma. Je, alikuwa akilinda roho yake, au matumbo ya watu wa Goma? Sisi hatuoni njia ya kuyatenga mambo hayo mawili. Kama angelitia sahihi, dhambi ingekuwa yake peke yake, na sumu ingekuwa ya watoto asiowajua.

Tangu mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walitaka wakristo wakutane katika jumuiya ndogo zilizo hai. Huku kwetu twaziita shirika. Ninyi viongozi wa shirika, baada ya Rozari na Injili mna desturi ya kuuliza nani ni mgonjwa na nani amefiwa. Tunawaomba mwongeze swali moja juma hili: ni nyumba gani ya jirani ambayo hatujaingia kamwe kwa sababu ya lugha wanayosema humo? Kisha watumwe wawili waende wakabishe hodi.