Bangili yenye bei mbili

Mteja wa sonara huambiwa kwamba bangili ni akiba isiyooza. Kauli hiyo ni kweli nusu, na mwenye mtaji mdogo anastahili kuijua nusu ya pili kabla hajatoa fedha.

Mfano ni manila, bangili ya shaba iliyo wazi upande mmoja na kutanuka nchani. Wareno waliipeleka Afrika Magharibi tangu karne ya 15, na baadaye viwanda vya Birmingham, Uingereza, vikaitengeneza kwa wingi. Kusini-mashariki mwa Nigeria ilinunua chakula na mafuta ya mawese, ikalipa mahari, tena ikavaliwa.

Wakoloni walizuia uingizaji wake mwaka 1902, lakini sokoni haikufa. Bei ya mawese ilipopanda ng'ambo, wanunuzi walihitaji manila nyingi zaidi za kumlipa mkulima, nayo manila ikapanda dhidi ya shilingi. Mtu wa mshahara wa shilingi ndiye aliyeumia: alikwenda sokoni na kukuta fedha yake imepungua nguvu, ingawa mwajiri hakumkata hata senti. Kwa kipindi kama hicho, mwenye manila ndani alikuwa amecheza vizuri kuliko karani.

Kisha ikaja amri. Kati ya Oktoba 1948 na Machi 1949 serikali ilizinunua zaidi ya milioni 32 na kuziuza kama chuma chakavu. Mtu aliruhusiwa kubaki na 200 tu, kwa ajili ya sherehe kama ndoa na mazishi. Aliyechelewa alibaki na shaba kwa bei ya shaba.

Manila ilikuwa na bei mbili, ya madini na ya kukubalika, na ile ya pili ndiyo iliyoyeyuka. Dhahabu ina nafuu, kwani madini yake yana soko dunia nzima. Lakini nayo ina bei ya pili: ujira wa sonara, ambao kwa kawaida haurudi siku ya kuuza. Anayenunua ili avae hana hasara. Anayenunua ili aweke akiba adai risiti inayotenganisha uzito, karati na ujira, kisha aulize duka lilelile lingeinunua bangili hiyo kwa shilingi ngapi kesho asubuhi.