MASHINE IKICHEMKA ASIKATWE BAHARIA

Ndugu wafanya kazi,

Jumapili moja nilivuka feri kwenda Likoni, nikateremka mpaka Shelly Beach. Nilimkuta kijana baharia ameketi mchangani, mikono kichwani. Mashine ya boti ilikuwa imechemka ikazimika baharini, na tajiri wake amesema atamkata mshahara mpaka mashine ilipike. Kosa lake nini? "Umeiunguza." Basi, hukumu imekwisha, na mashine yenyewe haijafunguliwa hata skrubu moja!

Mimi ni mtu wa reli, kazi yangu ni injini za dizeli. Boti si gari moshi, lakini joto ni joto. Injini haichemki kwa uchawi. Ina sababu, na sababu huonekana kwa macho ya mwenye kutaka kuona.

Dizeli ya reli hubeba maji yake katika rejeta na kuyatumia tena na tena. Mashine ya nje ya boti hunywa bahari. Maji huingia kwa matundu ya chini, karibu na rafadha. Pampu huyasukuma juu yakapoza silinda. Mengi hutoka pamoja na moshi, na machache hutoka kwa kitundu cha nyuma ili baharia ayaone. Ndani ya pampu mna gurudumu dogo la raba lenye mapanga, laenea kiganjani. Roho za wote waliomo botini zategemea raba hiyo.

Maji yakipwa pale Shelly Beach, mashine ikiwashwa karibu na ufuo hunywa mchanga, na mchanga hula raba. Mwani na vipande vya plastiki huziba matundu. Chumvi nayo hukauka ndani ya njia za maji, ikiwa mashine haisafishwi kwa maji yasiyo chumvi baada ya kazi.

Kwa hiyo, ndugu baharia, ukiona maji ya kitundu yamepungua, zima mara moja. Usiimwagie mashine ya moto maji baridi, itapasuka. Inyanyue, utazame matundu ya chini, uyasafishe. Kisha pitisha waya mwembamba katika kitundu, maana pengine ndicho kilichoziba na mashine haina ubaya. Maji yakiwa bado haba, pampu ifunguliwe. Panga la raba likiwa limekatika, kipande chake kitafutwe, kwa kuwa hupanda juu kikaziba njia. Na kama maji yatoka vizuri na bado yachemka, themostati itolewe, itiwe katika sufuria ya maji ya moto. Isipofunguka, mwizi ni huyo.

Tulifungua pampu ya kijana yule. Mapanga mawili hayapo, yaliyobaki magumu kama soli ya kiatu. Akaniambia, "Kaka, mara mbili nimeomba raba mpya." Aliomba kwa mdomo, na maneno ya mdomo huchukuliwa na kusi.

Sisi wa reli, dereva akileta injini karakana huandika kasoro katika daftari. Injini ikiharibika kesho, daftari lasema ni nani aliyeambiwa na hakutenda. Baharia wa Likoni hana daftari, basi ana deni.

Na sheria yasemaje? Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yampa tajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. La makusudi! Raba iliyozeeka ni makusudi ya nani? Na makato yote pamoja yasizidi thuluthi mbili za mshahara.

Tuseme kweli, nasi tuna makosa. Wako wanaowasha mashine nchi kavu ili kuijaribu, na raba bila maji huungua upesi. Wako wanaoona kitundu kimekauka wakaendelea kwa kuwa abiria wana haraka. Mtu kama huyo asijifiche nyuma ya chama.

Lakini twadai mambo matatu. Kila boti iwe na daftari la kasoro, na tajiri atie sahihi. Raba ikaguliwe kila mwaka, na nyingine iwekwe akiba. Na asikatwe mtu hata senti kabla mashine haijafunguliwa mbele yake na mbele ya fundi.

Mtauliza, reli na boti wapi na wapi? Januari 1947, watu wa gati, wa reli na wa hoteli waligoma pamoja hapa Mombasa. Dhuluma ilikuwa moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tajiri amekataa kuziba ufa, na sasa ataka ukuta tuujenge sisi. Tusikubali.

Ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, Changamwe