Mchakamchaka Nao ni Darasa la Hesabu

Kila asubuhi, katika shule nyingi za nchi yetu, watoto hukimbia mchakamchaka huku wakiimba. Baadaye watoto hao hao huketi darasani, mwalimu akaandika ubaoni kwamba mwendokasi ni umbali kugawanya kwa muda, nao wakanakili. Hesabu wanayopewa ni ya gari-moshi wasilolijua, linalotoka mji A kwenda mji B. Hakuna anayewauliza: je, ninyi mliokimbia leo asubuhi, mlikwenda kwa mwendo gani?

Ugonjwa huu si mgeni. Mwalimu Nyerere aliukemea mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: elimu inayomtenga mtoto na maisha yake, na kutukuza kitabu na mtihani kupita kiasi. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado tunawakaririsha watoto kanuni za mambo ambayo miguu yao inayafanya kila siku.

Hasara yake hudhihirika kwenye grafu. Mwonyeshe mwanafunzi wa namna hiyo mstari unaopanda, ukalala, kisha ukapanda tena, umwulize mkimbiaji alifanya nini. Si ajabu akajibu kwamba alipanda kilima, akafika tambarare, akapanda kilima kingine. Kumbe mstari ule hausemi habari za vilima hata kidogo. Unasema kwamba mtu alikwenda, akasimama, akaendelea. Mtoto huyu aweza kufaulu mtihani wake, lakini hajaelewa kitu.

Wapo watakaojitetea: hatuna maabara, hatuna saa za kupimia, madarasa yamejaa. Kwamba madarasa yamejaa ni kweli, na hapana haki ya kumbeza mwalimu anayelalamika. Lakini kudai kwamba sayansi haiwezi kuanza mpaka vifaa viletwe kutoka ng'ambo ni kasumba tupu.

Chukueni kamba, mfunge jiwe dogo, mlining'inize ili kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe pawe na mita 1. Libembezeni kidogo. Kwenda na kurudi kwake huchukua takriban sekunde 2, liwe jiwe zito au jepesi. Saa mmekwisha kuipata. Sasa mtoto mmoja atembee uwanjani katika mstari ulionyooka. Kila jiwe linaporudi, darasa lipige kofi, na wale waliojipanga kandokando ya njia waweke kokoto pale alipofika mwenzao. Kisha mtoto huyo akimbie. Kokoto za mwendo wa kutembea zitakaribiana. Za mbio zitaachana. Iwapo kokoto moja na ya pili zimeachana kwa mita 6, amekwenda mita 3 kwa sekunde, yaani kilometa 10.8 kwa saa. Hapo watoto 80 si mzigo tena, kwani kila mmoja ana kazi ya kufanya.

Halafu wachore grafu mchangani: muda kwa mlalo, umbali kwa wima. Aliyekimbia ataona mstari wake umesimama zaidi kuliko wa aliyetembea. Aliyepumzika njiani ataona wake umelala. Hatausahau, maana ni mstari wake mwenyewe.

Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Gawanyeni, mtapata mita 7 na ushei kwa sekunde. Kwa saa yetu ya jiwe, ni mita 14 kila jiwe liendapo na kurudi. Wekeni kokoto mbili zilizoachana kwa mita 14, watoto wajaribu. Watakapohema, watakuwa wameielewa tarakimu ile.

Liko jambo moja la kuwaambia viongozi wa elimu. Mwalimu anayewatoa watoto nje mara nyingi hudhaniwa kuwa mzembe, na anayewanakilisha kutwa nzima husifiwa kwa utulivu wa darasa lake. Fikra hiyo hapana budi igeuzwe. Mkaguzi asome grafu zilizochorwa mchangani kabla hajahesabu kurasa za daftari. Mtunga mitihani naye amtake mtoto aeleze mstari una maana gani, si kutaja kanuni tu. Uwanja upo, kamba ipo, mawe yapo, na watoto wamekwisha kukimbia tangu alfajiri. Kilichobaki ni sisi kuwafundisha kupima mbio zao.