Usinunue mota mpya kabla hujapima

Mwenzangu wa chumbani ananicheka eti mtu mzima, mwaka wa tatu, fizikia na hisabati, nakesha nasoma habari za vitreni vya kuchezea vya Wazungu. Acha acheke. Mimi nasema hivi: mstaafu wa Uingereza aliyeinama chini ya meza na multimita, akitafuta kwa nini swichi ya reli yake haigeuki, anafanya fizikia kuliko madarasa yetu mengi.

Kwa asiyejua, kwenye reli hizi ndogo (kipimo cha HO ni 1:87, yaani mita 87 za kweli zinakuwa mita 1) treni huhamishwa njia na swichi. Nyingi huvutwa na koili mbili, moja kushoto, nyingine kulia. Unabonyeza kitufe, umeme unapita kufumba na kufumbua, tak! reli imehama. Ukikiganda kitufe, koili inaungua.

Sasa siku swichi imegoma, mwenye pupa anakimbilia dukani kununua mota mpya. Mzoefu anaanza na kidole. Anachomoa mota, anasukuma reli kwa mkono. Ikiwa nzito, basi huenda kakokoto kamenasa, umeme hauna kosa. Ikiwa nyepesi, ndipo anashika multimita.

Na hapa ndipo penye utamu. Anapima kwenye transfoma kabla ya kubonyeza: volti 16, safi kabisa! Mbona haivuti? Tupige hesabu. Tuseme koili ina omu 4. Volti 16 gawanya kwa 4, inataka ampea 4. Kama waya ni mwembamba na mrefu, kwenda na kurudi una omu 1, mkondo unashuka hadi ampea 3.2, na koili inabaki na volti 12.8. Nguvu imetoka wati 64 hadi kama 41. Mota nzima, waya ndio mwizi! Lakini mwizi huyu haonekani mpaka umeme uwe unapita, ndiyo maana unapima huku mtu anabonyeza. Na kama transfoma yenyewe inatoa ampea 1 tu, hata waya mnene hautakuokoa. Wengi huweka kapasita inayojaa polepole halafu inamwaga umeme wote kwa mkupuo.

Injini ikizimika juu ya swichi, hilo ni jingine. Pale reli mbili zinapokatana kuna kipande ambacho Waingereza na Wamarekani hukiita chura. Kikiwa cha chuma, lazima kibadilishwe chanya na hasi kila njia inapohama. Kama kinategemea ncha ya reli kugusa reli nyenzake tu, vumbi kidogo linatosha kukata umeme. Dawa ni kusafisha, au kukipa swichi yake ndogo ya umeme.

Mnadhani ni utoto? Pale MIT, Marekani, klabu ya treni za mfano ilianzishwa 1946. Wanafunzi wake waliendesha reli kwa relei za simu, na baadhi yao baadaye wakawa wa mwanzo kabisa kuchezea kompyuta za chuo kile.

Hoja yangu ni hii. Sisi tunaokwenda kufundisha tunamkaririsha mtoto V = IR, tunampa namba mbili, anatafuta ya tatu, tunaweka tiki. Mpe tochi isiyowaka, anakutolea macho. Hatujamfundisha kuuliza "umeme umeishia wapi?" Akikua atakuwa fundi wa kubadilisha vipuri mpaka kimoja kibahatishe, na mteja ndiye anayelipa.

Najua mtasema darasa lina watoto 80, mtaala haujaisha, vifaa hakuna. Kweli kabisa. Lakini betri, waya, balbu na multimita moja ya bei poa vinatosha kuanzia. Mwalimu aharibu saketi makusudi: akate waya ndani ya plastiki, alegeze balbu. Watoto watafute kwa makundi, na kila kundi liseme limepima wapi na kwa nini. Alama ziende kwenye hatua, siyo balbu kuwaka tu. Kipindi kimoja kwa muhula, jamani, hicho nacho kitatushinda?

Haya, nina lekcha saa mbili. Tuonane.