Tahadhari: Miligramu 10 za Dawa Hii Si Sawa na Miligramu 10 za Ile

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa saratani, au mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, inuka kwanza ukachukue dawa yake ya maumivu. Soma jina lote, herufi kwa herufi. Kisha soma namba zilizoandikwa pembeni.

Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni zina majina yanayokaribiana na nguvu zisizokaribiana kabisa. Mofini na haidromofini husikika kama mtu na mdogo wake, lakini haidromofini ya kumeza ina nguvu kama mara nne au tano ya mofini. Kodeini ni dhaifu, takriban sehemu moja ya kumi ya mofini. Fentanili inaizidi mofini kwa takriban mara 100, ndiyo maana hupimwa kwa maikrogramu. Mgonjwa akibadilishiwa dawa huku namba ya miligramu ikabaki ileile, anaweza kulala asiamke.

Hofu yangu kubwa iko kwenye mofini ya maji. Hutengenezwa kwa nguvu tofauti: katika chupa moja mililita 5 zina miligramu 5, katika nyingine mililita 5 hizohizo zina miligramu 50. Mama amezoea kumpa mumewe kijiko kimoja cha chai kila baada ya saa nne. Chupa inakwisha, kijana anatumwa kufuata nyingine, anarudi nayo jioni. Kijiko ni kilekile, mkono ni uleule, na hakuna aliyemwambia mama kwamba dawa ya leo ina nguvu mara kumi ya ile ya jana. Kwa hiyo kila chupa mpya ikifika, muulizeni mfamasia: "Hii ina miligramu ngapi kwa kila mililita?" Na pimeni kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani.

Tramadoli watu wanaidharau kwa sababu wameizoea. Inaweza kuleta degedege kwa mtu mzima, hasa mwenye kifafa au anayetumia dawa za sonona. Nayo kodeini hugeuzwa na ini kuwa mofini, na wapo watu ambao miili yao huifanya kazi hiyo haraka kupita kiasi. Watoto wamekufa kwa njia hiyo. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilielekeza kwamba kodeini na tramadoli zisitumike kutuliza maumivu kwa watoto walio chini ya miaka 12, na ikawaonya mama wanaonyonyesha.

Halafu kuna begi la mgeni kutoka ng'ambo. Shangazi analeta vidonge vya Percocet alivyobakiza baada ya kung'olewa jino, anampa bibi anayeumwa magoti. Ndani yake mna oksikodoni, iliyo kali kuliko mofini ya kumeza, pamoja na asetaminofeni, ambayo ndiyo parasetamoli yetu. Bibi akiongeza Panadol juu yake, ini lake linapokea mzigo mara mbili. Dawa hizi haziazimwi, hata kwa upendo.

Nawasihi, msimnyime mgonjwa mofini yake kwa kuogopa haya. Ikitolewa kwa kipimo sahihi humwezesha kulala na kuzungumza na wanawe. Ila mkimwona amelala usingizi asioamshika, pumzi zinakuja polepole au anakoroma kwa namna msiyoizoea, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, msimpe maziwa wala kahawa, na msisubiri asubuhi. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali na chupa ya dawa mkiwa nayo mkononi. Ipo dawa iitwayo naloksoni, na ikiwahi hurudisha pumzi ndani ya dakika chache.