Mizigo ya sherehe Kiwengwa: kazi inayowasubiri wanafunzi wa uhandisi

Na Mwandishi Wetu, Unguja

SHEREHE za ufukweni ni sehemu ya biashara ya utalii katika kijiji cha Kiwengwa, kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Unguja. Mgeni anayefunga ndoa mbele ya bahari huona meza zilizopambwa na taa zinazomeremeta. Asichokiona ni namna maturubai, viti, spika na jenereta zilivyofika pale mchangani: begani na kichwani mwa wachukuzi.

Gari huweza kushusha mzigo karibu na hoteli. Tatizo ni hatua za mwisho. Bahari inapokupwa hubaki mchanga mgumu uliolowa, ambao hata baiskeli hupita. Nyakati za bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji yakijaa, mchanga huo hufunikwa na njia pekee huwa ule mchanga laini wa juu, ambako mkokoteni hukwama.

Sababu yake ni hesabu ya sekondari. Tuchukue mkokoteni ambao pamoja na mzigo una kilo 200, wenye magurudumu mawili membamba, kila moja likigusa ardhi kwa sentimita 20 za mraba. Kila sentimita hukandamizwa kwa kilo 5. Mchukuzi wa kilo 70 aliyejitwika kilo 50, akikanyaga kwa wayo mmoja wa sentimita 120 za mraba, hukandamiza kwa kilo 1 tu. Ndiyo maana mtu hupita pale gurudumu lilipozama. Tairi pana lenye upepo kidogo, likigusa sentimita 200, lingeshusha uzito huo hadi nusu kilo.

Hesabu, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Chumvi hula vyuma, na matumbawe hutoboa mpira. Matairi mapana ya ufukweni huuzwa Ulaya na Marekani, lakini chombo ambacho fundi baiskeli wa kijijini hawezi kukitengeneza kitaishia stoo ya hoteli.

Upo mfano wa karibu. Mwaka 2005 Amos Winter, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza viti vya magurudumu vya walemavu. Kutokana na safari hiyo yeye na wenzake walibuni kiti kinachoendeshwa kwa kusukuma mikono miwili ya chuma, kwa kutumia vipuri vya baiskeli vinavyopatikana kila mahali. Walipokijaribu Afrika Mashariki kilipita vizuri njia mbovu, lakini watumiaji walilalamika kuwa ni kizito, na ndani ya nyumba hakigeuki. Wabunifu walirudi mezani wakakipunguza. Malalamiko yale yaliwafundisha zaidi ya maabara.

Zanzibar haikosi vijana wa kufanya kazi kama hiyo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko Mbweni, na tangu mwaka 2023 tawi la chuo cha IIT Madras cha India liko kisiwani. Mradi wa mwaka wa mwisho ungeweza kuanzia Kiwengwa, kwa kupima mzigo wenyewe na kuwauliza wanaoubeba. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mmoja asibebe zaidi ya kilo 55; anayejitwika spika kubwa hana mizani. Wanawake wa mwani nao, ambao hutoa viroba vilivyolowa kutoka baharini, wangekuwa na la kusema kuhusu chombo hicho.

Swali gumu zaidi ni la mkate. Kazi iliyohitaji watu sita ikifanywa na wawili, wanne watarudi nyumbani mikono mitupu, na hoteli itakayonunua chombo ndiyo itakayobakiwa na ujira wao. Mambo yatakuwa tofauti iwapo chombo kitakuwa mali ya kikundi cha wachukuzi wenyewe, wakikikodisha kwa safari, leo harusini, kesho mwani. Kwa hiyo bei yake inapaswa kuwa miongoni mwa vipimo vya mradi tangu siku ya kwanza, sawa na upana wa tairi, na mwalimu anayesahihisha aitolee alama.